Jibu: Corniglia na mama mwenye magoti mabovu

Mkuu, umeuliza kama Corniglia kule Italia panafaa kumpeleka mama anayesumbuliwa na magoti, mkitaka utulivu baada ya makelele ya Roma. Panafaa, ila asipande kwa miguu kutoka stesheni. Kijiji kimekaa juu ya jabali, kama mita 100 kutoka usawa wa bahari, na ile ngazi ya Lardarina ya kupandia kutoka stesheni ina vidato zaidi ya 370, vinakata kona huku na huku. Wewe jipime ukipenda. Mama apande kibasi cha kutoka stesheni. Ukiwa na Cinque Terre Card, kadi ya wageni wa eneo hili, hulipi nauli ya kibasi hicho.

Kati ya vijiji vitano vya Cinque Terre, hiki pekee hakina gati, kwa hiyo boti za watalii zinapita tu. Mchana watu wapo (wengi wa kuja na kuondoka), lakini jioni kunatulia, ndiyo maana nashauri mlale hapohapo, msije kwa matembezi ya masaa mawili tu.

Mtaa wa Via Fieschi ni mwembamba, wenye mabegi wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani. Ufuateni hadi mwisho, kwenye baraza ya kutazamia mandhari iitwayo Santa Maria. Pembeni kuna matuta ya mizabibu yaliyozuiwa kwa kuta za mawe matupu bila saruji, na kijiji jirani cha Manarola unakiona kwa mbali.

Mama akitaka kukanyaga mchanga, mpeleke Monterosso, kijiji kingine kati ya hivyo vitano, stesheni ya pili kwa treni kutoka Corniglia.