DSLR ya mtumba au mirolesi kwa kazi za harusi, nlivoona mie

Assalaam alaykum jamani. Ndugu yetu kauliza achukue DSLR ya mtumba (ile kamera yenye kioo ndani kinachoruka kila ukipiga) aanze kupiga picha za harusi hapa Unguja au asubiri akusanye pesa za mirolesi (kamera mpya isokuwa na kioo hicho), na kuna alomwambia simu inatosha. Mie harusi nazipiga mwaka wa 12 huu, nimeanza na DSLR na sasa ninazo zote mbili.

DSLR zimefika ukingoni, hilo kweli. 2018 Canon na Nikon wote walileta mfumo mpya wa mirolesi, na zile DSLR zao kubwa za 2020, 1D X Mark III na D6, hazikupata mrithi wa DSLR. Lakini kwa mwenye pesa kidogo ndo kheri yake hiyo, lenzi nzuri za mtumba zimeshuka bei, na za Canon EF (zile za DSLR zao) ukizitia adapta, ile pete ya kuunganishia, zinakaa kwenye mirolesi zao za RF na fokasi inashika vizuri tu. Nikon kuwa makini, lenzi za zamani zisizokuwa na mota ndani ukizitia kwa adapta yao ya FTZ fokasi utazungusha kwa mkono. Kwaiyo pesa weka kwenye lenzi, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) utakuja kubadilisha.

Mirolesi nlipoipenda khaswa ni msikitini. Sheikh anasoma khutba ya ndoa watu wametulia, DSLR ikilia klaka klaka wote wanakugeukia, unaona haya. Mirolesi unaweka shata (pazia la kupigia picha) ya elektroniki haisikiki kabisa. Ila usiku ukumbini kwenye taa za LED shata hiyo hiyo inatia mistari kwenye picha, maana sensa (kile kinachonasa picha) inasoma mstari kwa mstari na taa zinapepesa bila jicho kuona, hapo rudisha shata ya kawaida. Nikon Z9 ya 2021 haina shata ya chuma kabisa kwa vile sensa yake inasoma haraka mno, na naona huko ndo kamera zote zinakokwenda.

Simu jioni pale Forodhani inatoa picha safi sana, inapiga kadhaa kwa pamoja na kuziunganisha, lakini ukumbini watu wanacheza na taa hafifu nyuso zinavurugika.

Jengine, chukua bodi yenye nafasi mbili za memori kadi. Nliwahi kwenda Pemba kupiga harusi na kamera ya kadi moja, kadi ikafa na picha zote za ndoa, nkampigia simu mama wa biharusi kumwambia, hakunigombeza, alinyamaza tu, na ule unyamavu wake bado ninao.

Na ukienda kununua lenzi chukua tochi ya simu umulike kwa nyuma uangalie ndani, hewa yetu ya pwani inaotesha ukungu kwenye vioo, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui muachie mwenyewe hata akupunguzie vipi.