Je, vidani vya masalia vilikuwa hirizi tu?

Ndugu, umeuliza kama vidani vya masalia (mabaki ya mwili au vitu vya watakatifu) walivyovaa Wakristo wa Ulaya zama za kati vilikuwa hirizi tu kwa jina jingine. Mimi nasema hapana, ingawa mpaka wenyewe ulikuwa mwembamba.

Tazama kidani cha Middleham, kilichopatikana kaskazini mwa Uingereza mwaka 1985. Ni cha dhahabu, cha karne ya 15, chenye yakuti samawi juu ya picha ya Utatu Mtakatifu. Nyuma pamechorwa kuzaliwa kwa Yesu. Ukingoni kuna maneno ya Kilatini, "Tazama Mwanakondoo wa Mungu", halafu neno "Ananizapta", lililoaminika kukinga kifafa. Sala na kinga ubavu kwa ubavu! Kifuniko chake huteleza, na ndani vilikutwa vipande vya hariri iliyotariziwa uzi wa dhahabu.

Ila dhahabu yenyewe haikuabudiwa. Mwili wa mtakatifu utafufuliwa, kwa hiyo hata kipande cha mfupa au nguo yake kilimleta karibu, na mvaaji alimsihi amwombee kwa Mungu. Imani hiyo hiyo ndiyo iliyo nyuma ya agizo la Mtaguso wa Pili wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, kwamba kanisa lisitabarukiwe bila masalia.