Kifafa sio kuanguka tu, kuna na hii ya kusahau maneno

Mi nina kifafa tangu niko kidato cha pili, na siku hizi kuanguka hakunisumbui sana, naweza kumaliza miezi mitano niko poa tu. Kinachoniua ni maneno. Niko zangu dukani Kariakoo, tunauza spea za pikipiki, mteja anataka plagi, naijua, naiona kabisa iko rafu ya pili karibu na makopo ya oili, namgeukia kijana wangu nimwambie "lete..." jina hamna. Nabaki nanyoosha kidole na mteja ashaanza kuniangalia vibaya.

Miaka yote nikajua ni uzembe, nyumbani nao wakanisaidia kuamini hivo. Mpaka nilipomwambia daktari kliniki, akaniuliza unaikumbuka foleni ya Tazara kabla ya flaiova? Nikacheka, nani asiyeikumbuka, ikikwama pale mpaka wa Gongo la Mboto amechelewa kazini. Akasema basi ndo kichwa chako. Kifafa changu kinaanzia kushoto, usawa wa sikio, huko ndani kuna kitu kinaitwa hipokampasi kinachotunza kumbukumbu mpya, na chenyewe hakifanyi kazi peke yake, kinawasiliana na sehemu za mbele na za nyuma za ubongo hata ukiwa umekaa tu huwazi chochote. Wenye kifafa cha aina hii wakipigwa ile picha ya MRI inayoangalia ubongo ukiwa kazini mara nyingi yanaonekana yale mawasiliano yamelegea. Alafu hata siku hujaanguka kuna vicheche vya umeme vinapita kimyakimya, EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, ndo inavidaka, kikipita wakati unatafuta neno, neno limeenda.

Akanipa na mkasa wa Henry Molaison wa Marekani, mwaka 1953 walimpasua wakamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili ili kifafa kitulie, kikapungua kweli, ila tangu hapo hakushika jambo jipya, umeongea naye ukatoka ukarudi anakusalimia kama mgeni. Sikulala vizuri siku ile asee.

Sasa wewe mwenzangu usiishie kumwambia daktari nimeanguka mara ngapi. Mwambie na unachosahau, andika mifano kwenye simu, tarehe na kilichotokea, maana ukifika mbele yake utasema tu niko salama. Dozi nazo zinachangia, fenobabitoni, dawa ya kifafa, inajulikana kwa kuzubaisha, lakini kubadilisha dozi ni kazi ya daktari. Mi niliacha siku nne nikijifanya mjanja, siku ya tano nikaanguka mara tatu, nikazinduka sijui hata niko mtaa gani. Na usingizi jamani, ukikesha na mpira unajiitia kuanguka mwenyewe.

Walimu, yule mtoto anayekodoa macho sekunde kadhaa alafu anaendelea kama hakuna kitu, kabla hujashika fimbo mwambie mzazi ampeleke akapimwe kifafa.

Mimi dukani nimeweka njia zangu za panya. Neno likigoma nataja kazi yake, "ile ya kuwasha moto", kijana anaelewa. Na rafu zote nimeziandika kwa maka peni nyekundu, PLAGI, CHENI, KLACHI, herufi kubwa kama za daladala. Wateja wanadhani ni mpangilio wa biashara, juzi jirani kaniiga.