Dada, usikubali sindano ya tatu ya kisigino

Dada, futa hiyo miadi ya Alhamisi. Nimesoma ulivyoandika kwamba picha ya eksirei imeonyesha mwiba wa mfupa kwenye kisigino chako cha kulia, kwamba umeshachomwa sindano mbili ndani ya miezi mitatu, na kwamba sasa umeambiwa ya tatu ndiyo itakayoumaliza kabisa, nikashindwa kuendelea na chai yangu. Sindano hiyo ya tatu ninaijua. Nilichomwa miaka minne iliyopita, nikailipia shilingi 45,000 kwa mkono wangu mwenyewe, na wiki tatu baadaye nilikuwa ninatembea kwa magongo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, mtu wa kusimama juu ya sakafu ya saruji vipindi sita kwa siku, na kwa miaka mingi nilisimama nikiwa nimevaa viatu vya ngozi vyenye soli nyembamba kama kadi ya harusi. Maumivu yangu yalianza kama yako: hatua ya kwanza ya asubuhi unahisi umekanyaga msumari, ukizungukazunguka ndani ya nyumba yanalegea, mchana unayasahau, na jioni ukiinuka kwenye kiti yanakukumbusha kwamba hayajaondoka. Nikawa ninatembelea vidole kutoka kitandani hadi chooni. Shuleni nilinyata hadi wanafunzi wakanibatiza jina la Mwalimu Nyatanyata, jina ambalo nilijifanya silisikii, ingawa nakiri kwamba lilinikaa vizuri kuliko nililopewa na wazazi wangu.

Mwenzangu mmoja wa ofisi ya walimu akanielekeza kwenye zahanati fulani ya mtu binafsi ambako, kwa maelezo yake, kulikuwa na bwana bingwa wa kuondoa miiba. Bwana huyo aliiinua picha yangu mbele ya dirisha, akanionyesha kwa ncha ya kalamu kimfupa kilichochomoza chini ya kisigino mithili ya mdomo wa ndege, akasema: "Unauona, mwalimu? Huu ndio unaokuchoma kila unapokanyaga. Tutauyeyusha." Dada, mimi nina shahada. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto wa watu kuuliza maswali. Lakini nilipoutazama ule mwiba nilihisi unanichoma papo hapo nikiwa nimeketi, wala sikuuliza ni dawa gani hiyo, isiyojaza hata kijiko cha chai, yenye uwezo wa kuyeyusha mfupa na kuacha nyama iliyouzunguka ikiwa salama.

Sindano ya kwanza, nitakuwa mkweli, ilikuwa kama muujiza. Siku ya tatu nilikanyaga sakafu asubuhi nikasubiri maumivu, hayakuja, na kwa wiki tano nilimsifu yule bwana hadi nikampelekea wagonjwa wawili, jambo ambalo mpaka leo linanifanya nipite barabara nyingine nikiwaona. Ya pili ilinipa nafuu ya wiki tatu. Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini nafuu inapungua badala ya kuongezeka, lakini mimi nilielezwa kwamba mwiba wangu ni sugu na unahitaji kuongezewa dozi, nikaona fahari kidogo kuwa na mwiba sugu.

Baada ya ya tatu, mguu ulikuwa mwepesi kabisa, na hapo ndipo ilipokuwa hatari, kwa sababu mguu usiouma hauna wa kuuonya. Siku ya Ijumaa, pale stendi ya Msamvu, nilikimbilia daladala iliyokuwa imeshaanza kuondoka. Hatua ya nne au ya tano nikasikia "paa!" chini ya unyayo, sauti kamili kama ya kamba ya kuanikia nguo inapokatika, na jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuinama kutazama kama kiatu kimekatika. Kiatu kilikuwa kizima. Konda akaniita, "Mzee, twende!" nami nikajaribu kwenda, mguu ukakataa. Kufikia usiku unyayo ulikuwa umevimba na kuwa wa zambarau kutoka kisigino hadi katikati. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, nikalilipia mara tatu, na guu likaharibika vilevile.

Daktari wa mifupa wa hospitali ya rufaa aliyenipokea alinifanyia kipimo cha ultrasaundi, akaniambia kwamba kilichokatika ni ule utando mgumu ulio kama ukanda, ambao umetandazwa chini ya unyayo kuanzia mfupa wa kisigino hadi penye vidole, na ambao kazi yake ni kuushikilia upinde wa mguu usilale chini. Kisha akauliza nimechomwa sindano ngapi. Nilipojibu, alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akafanya jambo ambalo natamani angekufanyia na wewe: akaagiza nipigwe picha ya mguu wa kushoto, mguu ambao haujawahi kuniuma hata siku moja tangu nizaliwe. Mwiba ulikuwepo. Na ulikuwa mrefu kuliko ule wa kulia.

Naomba urudie kusoma sentensi hizo mbili kabla hujaendelea.

Miiba hiyo ya mfupa ipo kwenye visigino vya watu wengi wanaocheza mpira, wanaobeba mizigo na wanaopanda milima, wala hawaijui. Tena haielekei chini kana kwamba inachoma sakafu. Imelala kuelekea vidoleni, na hutokea karibu na pale ukanda unaposhikana na mfupa, kama alama ya kuvutwavutwa kwa miaka. Kinachouma, kwa wengi wetu, ni ukanda wenyewe, ambao umechoka na kuchanikachanika pale unapoanzia. Usiku tunapolala vidole huelekea chini na ukanda ukajikunyata. Asubuhi unakanyaga kwa uzito wako wote, unauvuta ghafla, nao unapiga kelele. Ndiyo maana hatua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo maana watu hupona kabisa huku mwiba ukibaki palepale ulipo, mimi nikiwa mmojawapo.

Basi dawa inayochomwa ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu. Haiyeyushi chochote chenye asili ya mfupa. Inanyamazisha maumivu kwa wiki kadhaa, na daktari mwangalifu anaweza kuitumia mara moja, kwa sababu maalumu, baada ya mambo mengine kushindikana, huku akikueleza hatari zake. Lakini ikirudiwarudiwa huweza kuudhoofisha ukanda hadi ukatike, na huweza kuyakondesha mafuta yaliyo chini ya kisigino, ambayo ndiyo godoro tulilopewa na Mungu na ambalo haliuzwi dukani. Na kama una kisukari, sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Hakuna hata moja kati ya hayo nililoambiwa na yule bwana wa kalamu. Simlaumu kwa kutojua kila kitu, kwani hata mimi sijui kila kitu. Ninamlaumu kwa neno "tutauyeyusha", ambalo alilitamka kwa utulivu wa mtu anayezungumzia samli, na kwa kupokea shilingi 135,000 zangu kwa mafungu matatu bila hata mara moja kunigusa kigimbi au kutazama viatu nilivyokuwa nimevaa. Wale wanaotembeza unga wa majani wakidai unayeyusha mwiba ndani ya siku saba, uliouliza habari zao, ni ndugu zake wa tumbo moja. Tofauti ni kwamba wao hawana koti jeupe.

Nilivaa buti la plastiki la kuzuia mguu kwa wiki sita, nikafundisha nikiwa nimeketi, na upinde wa mguu wangu wa kulia umeshuka kidogo hadi leo, kiasi kwamba fundi viatu huutambua kabla sijamwambia. Niliyojifunza kwa bei hiyo ni jambo moja: hakuna sindano kabla ya miezi mitatu ya kunyoosha ukanda kila siku bila kuruka. Siyo wiki mbili. Siyo siku ukikumbuka. Miezi mitatu.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alinifundisha hivi, nami nimefanya hivyo mamia ya mara. Kabla unyayo haujagusa sakafu asubuhi, keti ukingoni mwa kitanda, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole vyote kwa mkono, uvivute kuelekea kwako hadi uone ukanda umekaza chini ya unyayo. Upapase kwa kidole gumba cha mkono mwingine, utauona umesimama kama uzi wa gitaa. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na ile ya asubuhi usiikose hata kama nyumba inavuja. Ikiwa mkono haufiki vizuri, pitisha kitenge chini ya vidole uvute ncha zake. Changu kimefungwa kwenye kichwa cha kitanda, na mke wangu ameacha kunidai. Vigimbi navyo vinyooshe ukiegemea ukuta, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka na kisigino kimekaa chini, kwa nusu dakika, kwa sababu kigimbi kilichokaza hukivuta kisigino na ukanda ukaumia.

Maumivu yakishapungua, utaanza kuutia ukanda nguvu: simama ukingoni mwa ngazi, taulo lililokunjwa likiwa chini ya vidole, inua kisigino polepole kwa hesabu ya tatu, tulia mbili, kishushe kwa tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Wiki ya kwanza utaona ninakudanganya. Wiki ya tano nilikuwa na hakika kwamba nimedanganywa tena. Katika wiki ya tisa niliamka usiku kunywa maji, nikarudi kitandani, ndipo nikatambua kwamba nimetembea bila kunyata. Watu wengi sana hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja bila sindano wala kisu, ila mwaka ni mrefu na Alhamisi ipo karibu, ndiyo maana wauza sindano hawakosi wateja.

Diklofenaki, hiyo dawa ya maumivu unayomeza kila siku, ipunguze, kwani tumbo lako nalo litataka daktari wake. Chupa ya maji iliyogandishwa, ukiiviringisha chini ya unyayo jioni kwa dakika kumi, hutuliza vizuri. Kuhusu nyama nyekundu, uliyouliza kama ndiyo iliyokuletea jongo kisiginoni, jongo mara nyingi hushika kidole gumba cha mguu ghafla kwa uvimbe na wekundu, na hayo siyo uliyoyaeleza. Ikiwa kisigino kinawaka moto au kufa ganzi usiku, kimevimba baada ya kuanguka, au kinauma pamoja na homa, hapo achana na mimi na vitenge vyangu uende hospitali.

Na hizo ndala ulizosema unavaa dukani kutwa nzima juu ya vigae, zitoe leo. Hata ndani ya nyumba usitembee peku. Pesa uliyoitenga kwa ajili ya Alhamisi inatosha raba nzuri ya mtumba yenye kisigino kinene na soli isiyokunjika katikati. Ikunje kwa mikono miwili palepale kwa muuzaji, na ikijikunja kama chapati, mrudishie.