Kabla hujaiongezea risiva yako amplifaya

Risiva yangu, ile mashine inayopokea sauti ya filamu na kuisukuma kwenye spika zote za chumba, ilikuwa na tabia ya kujizima filamu inaponoga. Magari yanapinduka, muziki unapanda, mara kabatini unasikia "tak!", kimya, na taa nyekundu inapepesa. Ukiiacha ipoe robo saa inawaka tena kama vile hakuna kilichotokea. Siku moja niliweka kiganja juu ya kifuniko chake nikakiondoa mbio kama mtu aliyegusa pasi.

Nikaona inahitaji msaidizi: amplifaya (mashine ya kukuza sauti) ya pembeni ya chaneli mbili, yaani ya kuendesha spika mbili, ibebe spika za mbele kushoto na kulia, risiva ibaki na zilizosalia. Uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Ila sababu zilizonifikisha hapo zilikuwa za kubahatisha, na ukifuata zangu unaweza kumwaga hela bure.

Nilichotarajia ni sauti kubwa. Risiva imeandikwa wati 80 kwa chaneli, amplifaya 160, basi nikajiambia sauti itakuwa mara mbili. Wapi! Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo aliyekaa kwenye kochi huitambua akitega sikio. Ili sikio likubali kuwa sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Jioni ya kwanza mke wangu alisikiliza dakika tano akauliza, "Sasa hapo umeongeza nini?" Nikamwambia sauti imechangamka. Nilikuwa naamini hivyo kweli.

Kwa hiyo anza na hesabu. Kwenye kitabu cha spika zako kuna namba ya desibeli, tuseme 87. Maana yake ni kwamba ukiipa wati 1, aliye mita 1 kutoka kwenye spika anapata desibeli 87. Ukikaa mita 3 unapoteza kama 9, ingawa kuta za chumba hukurudishia kidogo. Unabaki na 78. Wati 10 zinakupeleka 88, wati 100 zinakupeleka 98, na hapo jirani ameshaanza kugonga ukuta. Mazungumzo ya filamu kwa sauti ya kawaida mara nyingi hayamalizi hata wati 1. Wati nyingi ni akiba ya ule mlipuko wa nusu sekunde. Kama chumba ni kidogo na unakaa karibu na spika, huenda risiva uliyonayo inatosha kabisa.

Yangu haikuzidiwa na chumba, ilizidiwa na spika. Spika zangu za mbele ni za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na kadiri omu zinavyopungua ndivyo spika inavyovuta mkondo mwingi zaidi. Ndani ya risiva kuna transfoma moja inayolisha chaneli zote. Zile wati 80 kwenye boksi zilipimwa chaneli mbili tu zikifanya kazi. Chaneli zote saba zikidai kwa mpigo, kila moja hupata pungufu. Ongeza kabati lisilopitisha hewa, utashangaa ilivyodumu hata dakika arobaini kabla ya kujizima.

Kuna dawa ya bure ambayo ningeijaribu kabla ya kununua chochote. Ingia kwenye menyu ya risiva, spika zote ziandike kuwa ndogo hata kama kwa umbo ni kabati la nguo, halafu weka mpaka wa besi kwenye hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde). Besi ndiyo mlafi wa umeme, na kwa mpangilio huo inahamia kwenye sabufa, ambayo ina amplifaya yake ndani. Zangu nilikuwa nimeziandika kubwa kwa sababu ya majivuno tu. Kisha itoe risiva kabatini, au iachie nafasi ya kutosha juu yake. Baadhi ya risiva zina pia chaguo la omu 4 kwenye menyu, lakini usidhani linaiongezea nguvu. Kazi yake hasa ni kubana umeme unaokwenda kwenye spika ili mashine isipate joto.

Kwangu hayo yalipunguza tatizo, hayakulimaliza. Amplifaya ndiyo iliyolimaliza.

Kabla ya kwenda dukani igeuze risiva uiangalie mgongo. Unatafuta soketi za RCA (zile za mviringo za waya wa sauti) zilizoandikwa PRE OUT, yaani zinazotoa sauti kabla risiva haijaikuza, na ziwe za spika za mbele. Risiva nyingi za bei ya chini zina ya sabufa peke yake, na hapo safari inaishia. Usije ukaunga njia kwa kuchukua waya kutoka kwenye matundu ya spika ya risiva na kuupeleka kwenye soketi za RCA za amplifaya. Umeme wa pale ni mkubwa mno kwa soketi hizo, unaweza kuunguza kitu. Zipo amplifaya chache zilizotengenezwa kupokea waya wa spika, na kitabu chake kitasema wazi.

Ukishaunganisha, waya za spika za mbele ziondoe kabisa kwenye risiva uzifunge kwenye amplifaya. Spika moja ikishikwa na mashine mbili kwa wakati mmoja, mashine mojawapo itakwenda na maji. Kagua na ncha. Mimi nilikuta uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umechomoza kwenye tundu jekundu na kubakiza milimita moja kugusa jeusi. Nilisokota ncha upya, nikazifunga zote nne tena kwa tochi mdomoni.

Nikawasha. "Uuuuuu." Mvumo mzito kwenye spika zote mbili, hata filamu ikiwa imesimama. Nililaumu waya za RCA, nikanunua nyingine, mvumo uko palepale. Mwishowe nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo, kuchomoa kitu kimoja kimoja. Nilipochomoa waya wa antena nyuma ya televisheni, kimya. Vifaa viwili vikifika ardhini kwa njia mbili tofauti, mkondo mdogo hupita kwenye waya wa sauti, nawe unausikia kama mvumo wa umeme wa ukutani, hezi 50 au 60. Niliweka kitenganishi kidogo cha kukata njia hiyo ya ardhi kwenye waya wa antena, nikachomeka kila kitu kwenye soketi za sehemu moja. Utakutana na mjuaji atakayekushauri ukate pini ya ardhi ya plagi. Mvumo utaondoka, na siku kifaa kikipata hitilafu, bodi lake linaweza kushika umeme na wewe ukaligusa.

Halafu rudia upimaji wa maikrofoni ya risiva, ule wa kusawazisha sauti za spika, hata kama hukusogeza spika hata inchi moja. Amplifaya ya nje inakuza mawimbi kwa kiwango chake, si cha risiva. Nilipopima nikakuta spika za mbele zilikuwa zimezizidi nyingine kwa desibeli 4. Kumbe ule uchangamfu niliomwambia mke wangu ulikuwa huo. Baada ya kusawazisha, nilichobaki nacho ni kitu kingine: sauti ikiwa juu, vinanda na vilio havikwaruzi tena, na "tak" sijaisikia tangu hapo.

Wakati wa kuwasha, risiva itangulie, amplifaya ifuate. Wakati wa kuzima, geuza. Vinginevyo spika zinapiga "dumu!" ya kukushtua. Mashine zote mbili zikiwa na soketi za volti 12 za kuwashana, kiwaya kimoja kinakufanyia kazi hiyo.

Ningekuwa nanunua leo, ningechukua ya chaneli tatu. Mazungumzo karibu yote ya filamu hutoka kwenye spika ya katikati, na yangu bado inaitegemea risiva.