Kabla hujacheka gari lisilo na siti za nyuma

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nimepata Porsche 911 Carrera T ya 2018, gia ya mkono, lakini washikaji wananiambia naliwa. Wanasema nikiongeza kidogo nachukua Carrera S yenye kila kitu. Hii T nikija kuiuza, nani ataitaka?" T ni 911 iliyopunguzwa vitu makusudi kiwandani. Nilimjibu mistari miwili, halafu nikaona haitoshi. Swali hilo nimelisikia miaka mingi, mara nyingi likiambatana na kicheko, na mwezi huu nimelijibu kwa vitendo. Nimeuza Porsche 968 Club Sport yangu ya njano, nayo gari lililopunguzwa vitu. Nimeiuza kwa bei ambayo mwenye 968 ya kawaida, fulu, siti za ngozi na kila kitufe unachokijua, hawezi kuitaja mbele ya mnunuzi akaeleweka.

Nimefurahi, na sioni sababu ya kujibaraguza.

Kwa wasioijua, Porsche waliitoa Club Sport mwaka 1993, wakati kampuni ina hali ngumu na magari hayatoki. Wakachukua 968, wakang'oa siti za nyuma, wakaondoa vioo vya umeme na kuweka vya kuzungusha kwa mkono, wakapunguza vizuia sauti vya ndani, wakafunga siti za Recaro zenye mgongo mgumu uliopakwa rangi ya bodi, wakaishusha milimita 20. Uzito ukapungua kama kilo 50. Injini haikuguswa: silinda nne, lita 3.0, nguvu za farasi 240. Na bei yake ikiwa mpya ilikuwa chini ya ile ya kawaida. Kwa maneno mengine, hili lilikuwa gari la aliyepungukiwa. Leo zipange zote mbili, zenye hali sawa, uone ipi inaulizwa kwanza.

Siku nilipolileta, jamaa mmoja ambaye sitamtaja, maana bado tunasalimiana, alilizunguka, akachungulia nyuma, akauliza kwa sauti: "Sasa watoto unawaweka wapi, kwenye buti?" Watu wakaangua kicheko. Akafungua mlango, akashika kile kishikio cha kuzungushia kioo, akakizungusha huku akihesabu mizunguko kama mtangazaji wa mpira. Tangu siku hiyo nikawa "mzee wa kuzungusha". Yeye alikuwa na lake, lenye paa la kufunguka, siti za umeme, redio yenye spika kila kona. Gari zuri, sikatai. Lakini lile jina lilinikaa, na sitajifanya lilipita tu. Yake aliuza kabla yangu. Bei hajawahi kuisema, na mimi kwa heshima sijawahi kuuliza.

Miaka ya katikati siwachoshi nayo: oili, tairi, bima, mkanda wa taimingi. Cha muhimu ni kwamba sikuongeza kitu, na ushauri wa kuongeza ulikuwa haukatiki. Fundi mmoja alikuwa na siti za nyuma za 968 iliyogongwa, akataka kunipa kwa bei ya kutupa. Mwingine alinihesabia gharama ya kuweka mota za vioo kwa jioni moja. Kuna waliotaka nifunge vizuia sauti upya, kwa sababu ukipita kwenye changarawe unasikia kila kokoto inavyogonga chini ya sakafu. Hayo yote yangelifanya gari liwe rahisi kuishi nalo. Wakati huohuo yangeligeuza kuwa 968 ya kawaida iliyopakwa njano, na hizo ziko nyingi.

Mnunuzi aliyelichukua alikuja na tochi ndogo na hakuwa na haraka. Hakuomba kuwasha injini. Alianza na kitabu cha sevisi, akafungua pale kwenye kibandiko chenye namba ya gari, namba ya rangi na orodha ya kodi (namba za utambulisho) za vifaa vilivyofungwa kiwandani. Akasoma kodi mojamoja, kidole juu ya karatasi. Kisha akaingia ndani akaangalia mgongo wa siti ya dereva, pale rangi inapochubuka kwa sababu ya mkanda wa usalama kusugua kila siku. Wapo wanaopaka upya hapo. Yangu haijapakwa, michubuko ipo, na nilimwona akitabasamu alipoiona. Akazungusha kioo chini, akakirudisha juu polepole akisikiliza. Ndipo akasema, "Haya, washa sasa."

Hakujadili bei sana.

Basi niseme ninachokiamini, na wabishi waje. Gari lililopunguzwa vitu halishiki bei kwa sababu ya wepesi. Kilo 50 mtu wa kawaida hazisikii, na abiria mmoja akipanda zimerudi. Linashika bei kwa sababu lilitoka hivyo kiwandani na linaweza kuthibitishwa. Mtu yeyote mwenye spana anaweza kung'oa siti na redio nyumbani. Kodi za kwenye kibandiko hawezi kuziandika upya bila kuwa tapeli. Pili, magari haya yalinunuliwa na wachache wakati yakiwa mapya, kwa sababu wengi walikuwa wanacheka.

Angalia 911 Carrera RS 2.7. Ilionyeshwa Paris Oktoba 1972. Porsche walihitaji kutengeneza 500 tu ili iruhusiwe kwenye mashindano, na watu wa mauzo waliogopa hata hizo hazitatoka. Zikatoka 1,580. Gari lenyewe liliuzwa mark 34,000 za Ujerumani. Ukitaka la Sport, jepesi kabisa, uliongeza mark 700. Ukitaka la Touring, lenye starehe zake, uliongeza 2,500. Sasa sikiliza wateja walivyochagua: la Sport, lenye kilo 960, walichukua watu 200 tu. Walio wengi wakalipa zaidi wapate Touring la kilo 1,075. Walikuwa na akili timamu, walikuwa wanasafiri na wake zao. Ila leo ukiwa na lile la Sport halisi, mwenye Touring anakuamkia.

Na kabla ya hapo kulikuwa na 356 Speedster. Max Hoffman, aliyekuwa anaingiza Porsche Marekani, aliwaambia wamtengenezee kitu cha bei ya chini. Mwaka 1954 ikaja ikiwa na kioo cha mbele kifupi, turubai jembamba juu, na milango isiyo na vioo vya kupandisha, bei dola 2,995. Gari la bei nafuu kwenye orodha. Hata wasiojua Porsche wanalijua sasa, na bei yake hainunuliki kwa utani.

Turudi kwa T ya ndugu yangu msomaji. Jina ni la zamani: 911T ya mwaka 1968 ilikuwa ndiyo ya bei ya chini, yenye farasi 110. Walipolirudisha mwaka 2017 walibadilisha mchezo, T mpya ikauzwa ghali kuliko Carrera ya kawaida huku ikiwa na injini ileile ya farasi 370. Hapo ndipo ugomvi ulipo. Unalipa zaidi, unapewa kamba ya kitambaa badala ya kishikio cha kufungulia mlango, vioo vyembamba vya nyuma, vizuia sauti pungufu, na siti za nyuma unaziondoa ukitaka. Tofauti ya uzito na Carrera yenye vifaa sawa ni kilo 20. Wanaocheka wanaishia hapo.

Wasichokitaja ni vya chini ya gari. T ya gia ya mkono ina uwiano mfupi zaidi wa difu, kwa hiyo kila gia inavuta kwa hamu, na difu yenyewe ina kufuli la kimakanika, linalozuia tairi moja kuzunguka bure. Imeshushwa milimita 20 kwa springi za michezo. Unaweza kuiagiza na magurudumu ya nyuma yanayogeuka kidogo kwenye kona, kitu ambacho Carrera ya kawaida ya wakati huo hukipati hata ukipiga magoti. Hapo ndipo pa kupimia gari la aina hii: je, kuna kitu cha kimakanika ambacho ndugu yake hawezi kupewa? Kama jibu ni ndiyo, kaa mezani. Kama wamekuuzia kibandiko cha mlangoni na mshono mwekundu kwenye siti, washikaji zako wana haki, unaliwa.

Hoja ya S nayo ina uzito, nisiifiche. S ina farasi 420, na wanunuzi wake ni wengi. Ukitaka kuuza ndani ya wiki mbili kwa sababu ya shida, S itakuokoa haraka kuliko T, kwa kuwa mnunuzi wa T ni yule mmoja anayeisubiri, na anaweza asiwe na hela wiki hiyo. Club Sport yangu ilikaa sokoni muda mrefu kuliko nilivyopenda. Simu za watu waliokuwa wanataka kujua tu kama kweli haina siti za nyuma zilinichosha. Kwa hiyo anayenunua gari kwa hela ya ada au ya matibabu asinisikilize mimi. Anunue lile ambalo kila mtu analitaka.

Na usinunue kwa mhemko wa soko. Mwaka 2016 walitoa 911 R, magari 991 tu, lita 4.0, farasi 500, gia sita za mkono. Watu wakaanza kuyauza kwa mara kadhaa ya bei ya kiwandani, wengine bila hata kuondoa nailoni kwenye siti. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikatoa 911 GT3 yenye farasi 500 na gia ya mkono, ikaongeza na toleo la Touring lisilo na bawa la nyuma. Bei za R zikashuka. R bado ni gari la maana na bado ni ghali, lakini aliyeinunua kileleni ili auze kesho alijifunza kwamba kiwanda hakijamwahidi chochote. T nayo haikuwekewa idadi maalum, na imekuja nyingine mwaka 2022. Kumbuka hilo ukiambiwa na dalali kwamba "hazitatoka tena".

Kuhusu gia, kwa gari lililopunguzwa vitu chukua ya mkono. Najua mtaniletea BMW M3 CSL ya 2003, nyepesi kwa kilo 110, magari 1,383, zote zenye gia za kompyuta zisizo na krachi ya mguu. Ndiyo, imepanda bei vizuri tu, na waliocheka sakafu yake ya buti yenye kiini cha karatasi wamenyamaza. Ila ile haikuwa na chaguo jingine. Pale ambapo kiwanda kilitoa zote mbili, mnunuzi wa gari jepesi atauliza ya mkono kwanza.

Mengine ni karatasi, karatasi, karatasi. Kitabu cha sevisi, risiti za mafundi, kibandiko cha kodi, ufunguo wa pili. Kitu chochote ulichofungua kwenye gari, hata kifuniko cha tundu la redio, kiweke kwenye boksi na uandike juu. Nasema tena: usiongeze. Vijana wananunua gari la namna hii Jumatatu, Ijumaa wameshaweka skrini kubwa, taa za chini na rimu zinazogusa matao, halafu wanakuja kunilalamikia kwamba soko limekufa. Soko liko hai, wewe ndiye uliyelificha gari lako chini ya mapambo. Kama moyo wako unataka starehe, kanunue gari la starehe, hakuna dhambi. Kinachoniudhi ni mtu kununua umaskini uliosanifiwa na wahandisi, kisha akauonea aibu mbele ya marafiki.

Na liendesheni. Langu halikuwa la kufunikwa turubai, kilomita zilikuwepo na niliziandika kwenye tangazo mstari wa kwanza. Mnunuzi makini anaogopa zaidi gari lililosimama miaka, mipira imekauka, breki zimeshika kutu, kuliko lililotembea na lina risiti.

Kwenye tangazo lenyewe, picha ya kwanza weka gari, ya pili weka kibandiko cha kodi, ya tatu weka michubuko. Orodhesha ambavyo halina, bila kuomba radhi: halina siti za nyuma, halina vioo vya umeme. Hilo litachuja simu nusu nzima. Usiliweke kwenye mafungu ya bei za ndugu yake wa kawaida, kwa sababu watalilinganisha vitufe kwa vitufe na utashindwa. Na anayeanza na "bei ya mwisho?" hata salamu hakutoa, msome, mpite, endelea na kazi zako.