Pasipoti ya Bongo, kura ya London

Juzi kwenye kundi letu la familia mtoto wa kaka yangu aliniuliza, wenzake wakacheka: "Shikamoo shangazi. Hiyo picha uko nje ya kituo cha kura London, si ulisema hujachukua uraia? Unapigaje? Na kura ya mtu mweusi huko inasaidia nini?"

Marahaba, mwanangu. Uraia sijachukua na sheria sijavunja. Uingereza inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali kupiga kura, ya udiwani na hata ya ubunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, wote wamo. Mrundi ninayepanga naye jengo moja hayumo, mpaka apate uraia. Tangu 2023 wanadai kitambulisho chenye picha, na pasipoti yetu yenye bibi na bwana inakubaliwa. Ukishaingia kwenye kibanda unakuta penseli imefungwa kamba. Wino wa kidoleni hakuna. Siku ya kwanza nilitoka nikijiona kama sijapiga.

Sasa la aibu: miaka tisa sikuyajua haya. Barua za kuniita nijiandikishe zilikuja, nikazichana, nikidhani Uhamiaji wananitega. Wabongo wengi tuko hivyo, bahasha ikidondoka mlangoni moyo unakwenda mbio. Wengine husema "mimi mpita njia, mwakani narudi", na anayesema hivyo ana mtoto sekondari hapahapa. Halafu kura huku ni Alhamisi, siku ya kazi. Ukitoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, chama chako ni kitanda.

Aliyenizindua ni bibi mmoja wa Kijamaika wa ghorofa ya chini. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umeota ukungu mweusi, na kila nikipiga simu halmashauri naambiwa nisubiri. Nikamlalamikia kwamba wagombea wanakuja kwake tu, kwangu hawapigi hodi. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe wale hawabahatishi milango. Wanatembea na daftari la wapigakura, na vyama hupata nakala yenye alama ya nani alifika kituoni uchaguzi uliopita. Uliyempigia hawamjui, lakini kama ulikwenda wanajua. Mlango usio na jina wanaupita.

"Kwao wewe huishi hapa," aliniambia.

Wazee wake walianza kuja kwa meli 1948, wakiwa na haki ya kura tangu siku waliyoshuka. Hata hivyo ilikuwa mpaka 1987 ndipo wabunge weusi wa kwanza wa zama hizi, akina Diane Abbott, Bernie Grant na Paul Boateng, ambaye baba yake ni Mghana, walipoingia bungeni. Na tangu 1996 kuna Operation Black Vote, ambayo hadi leo inahimiza watu weusi wajiandikishe. Kwa hiyo wavivu si sisi tuliokuja juzi peke yetu.

Ukungu je? Sitakudanganya. Nilijiandikisha kwa intaneti, dakika tano tu. Uchaguzi ulipokaribia mgombea akabisha hodi, nikamwingiza mpaka chumbani akaunusa. Ukuta ukakwanguliwa, ukapakwa rangi. Baridi iliyofuata ukungu ukarudi, mdogo kidogo. Tofauti ni kwamba sasa nikimwandikia diwani ananijibu.

Wenzangu nikiwaeleza habari za haki hawanisikii. Nikiwaambia benki na kampuni za simu hulitazama daftari hilo kabla ya kukukopesha, wanaomba niwaonyeshe pa kubofya hapohapo.

Kinachoniuma ni kura ya nyumbani. Sisi Watanzania tulio nje hatuna kituo. Mkenya ninayefanya naye kazi alikwenda ubalozini kwao 2022 akapiga ya rais, akaja zamuni na kidole chenye wino. Siku nzima akawa ananimiminia chai kwa mkono huohuo.